Mchezo wa klabu, raundi ya nne: nilivyokula farasi kwenye hatua ya 44 na kupoteza ubao uliokuwa sawa

Mleta uzi (#1)

Wakuu, salaam kwenu nyote. Naleta mbele yenu mchezo mmoja wa sataranji nilioucheza mwisho wa juma lililopita hapa Dar es Salaam, katika mashindano ya klabu ya raundi tano kwa mfumo wa Uswisi, yaani hakuna anayetolewa, na kila raundi unapangiwa mwenye pointi zinazokaribiana na zako. Kila mchezaji alipewa dakika 90, pamoja na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua. Sisi wawili ni wachezaji wa kawaida kabisa: mimi nina alama 1,540 za Elo, kile kipimo cha uwezo wa mchezaji, na mpinzani wangu, mzee mmoja mstaafu ambaye sitamtaja jina kwa kuwa sijamwomba ruhusa, ana 1,640. Yeye alicheza nyeupe. Nilipoteza, na tangu siku hiyo hatua moja tu ndiyo inayonisumbua kichwani.

Nitatumia herufi za kimataifa kama zilivyo kwenye karatasi yangu ya kumbukumbu: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi, na hatua isiyotanguliwa na herufi yoyote ni ya kitunda, yaani kile ambacho klabuni wengi wetu tunakiita poni. Alama x ni kula, + ni shaha, yaani mfalme kutishiwa, O-O ni mfalme na ngome kusogea pamoja kwa hatua moja, =Q ni kitunda kilichofika mwisho wa ubao na kugeuka malkia, nukta tatu baada ya namba ni hatua ya nyeusi, na ! ni hatua nzuri. Mraba hutajwa kwa herufi ya safu wima, a hadi h, na namba ya safu mlalo. Atakayekuwa na ubao karibu namshauri aupange kabla ya kuendelea kusoma.

1.e4 e6 2.d4 d5 3.exd5 exd5. Huu ni ufunguzi uitwao Ulinzi wa Kifaransa, uliopata jina lake baada ya wachezaji wa Paris kuutumia dhidi ya wale wa London katika mchezo wa kuandikiana barua ulioanza mwaka 1834. Mzee alichagua njia ya kubadilishana vitunda vya katikati mapema, njia ambayo vijana wengi huidharau kwa kuiona ni ya watu wanaotafuta sare. Nami niliidharau hivyo hivyo, na nadhani hapo ndipo umakini wangu ulipoanza kupungua.

4.Nf3 Nf6 5.Bd3 Bd6 6.O-O O-O 7.Bg5 Bg4 8.Nbd2 Nbd7 9.c3 c6 10.Qc2 Qc7 11.Rfe1 Rfe8 12.Bh4 Bh5 13.Bg3 Bxg3 14.hxg3 Bg6 15.Bxg6 hxg6. Ukifika hapa utaona jambo la kuchekesha: kama ungeukunja ubao katikati mithili ya mkeka, kila kete yangu ingelala juu ya kete yake inayofanana nayo. Nilikuwa nikimwiga kama kioo. Faida pekee aliyokuwa nayo ni kwamba zamu ilikuwa yake.

16.Rxe8+ Rxe8 17.Re1 Rxe1+ 18.Nxe1 Kf8 19.Nd3 c5. Hapo ndipo nilipochoka kuiga. Nilitaka uwanja kwa ajili ya farasi wangu wa d7, nikakubali kwamba kitunda changu cha d5 kitabaki peke yake bila jirani wa kukilinda. 20.dxc5 Nxc5 21.Nxc5 Qxc5 22.Nf3 Ne4.

Hatua hii ya 22 niliipenda, na bado naipenda. Malkia wangu wa c5 anamtazama mfalme wa g1 kwa mshazari, na kitunda cha f2 kimekwama katikati yao, hakiwezi kusogea bila kumfunua mfalme. Kwa hiyo farasi wangu anatishia kula g3 bure kabisa, kwa kuwa f2 haiwezi kumla. Mzee alifikiri kwa takriban dakika kumi, kisha akaiziba njia hiyo kwa utulivu: 23.Nd4. Nami nikamrudisha malkia: 23...Qe7 24.Qe2 Nf6 25.Qxe7+ Kxe7.

Hatua 18 zilizofuata sitaziandika zote, kwa sababu zilikuwa za kusogezana taratibu kama watu wanaopanga viti kabla ya wageni kufika. Alisukuma kitunda chake cha a hadi a5 na cha b hadi b4, nami nikaweka changu a6 na kukiacha kingine b7. Alisukuma c4, kikabadilishana na kitunda changu pweke cha d5, jambo ambalo lilinifurahisha kwa kuwa niliona udhaifu wangu umeondoka ubaoni. Upande wa mfalme vitunda viwili vya kila mmoja wetu viliondoka kwa kubadilishana, kikabaki chake g5 kikiwa kimezuiwa na changu g6.

Hali ilikuwa hivi mara tu alipocheza 44.Nd4. Nyeupe: mfalme d3, farasi d4, vitunda a5, b4 na g5. Nyeusi: mfalme d6, farasi f5, vitunda a6, b7 na g6. Ni zamu yangu. Farasi wangu anaweza kumla farasi wake, naye atamla wangu kwa mfalme.

Nilikuwa na dakika 11 kwenye saa. Sikutumia hata sekunde 20. Nikala.

44...Nxd4 45.Kxd4. Nilipoandika hatua ile kwenye karatasi na kuinua macho, ndipo nilipouona ubao kwa mara ya kwanza. Wafalme wamesimama uso kwa uso, mraba mmoja tupu kati yao, na zamu ni yangu. Kama ingekuwa ni zamu yake, nisingekuwa na shida yoyote, kwa kuwa angelazimika yeye kuondoka mbele yangu. Sasa nalazimika mimi. Nikienda kulia anapita kushoto, nikienda kushoto anapita kulia, na sina hata hatua moja ya kitunda ya kupotezea muda, kwa kuwa b6 inaliwa tu.

45...Ke6 46.Kc5 Kf5 47.Kb6 Kxg5 48.Kxb7 Kf5. Kufikia hapa nilikuwa bado na tumaini moja. Kitunda changu cha a6 kilikuwa mezani kama kipande cha nyama, na nilikuwa nimeshapiga hesabu kwamba akikila nitapona kwa nywele: 49.Kxa6 g5 50.b5 g4 51.b6 g3 52.b7 g2 53.b8=Q g1=Q, malkia kwa malkia, na safari ndefu mbele yetu. Mzee alikitazama kile kitunda, akaondoa miwani, akaifuta, akairudisha usoni, kisha akacheza 49.b5!

Hakukila. Alinipa mimi nile: 49...axb5 50.a6 g5 51.a7 g4 52.a8=Q. Amepata malkia kwenye hatua ya 52 badala ya 53, na hatua hiyo moja ndiyo mchezo wote. Kitunda changu kilikuwa kimefika g4 tu. Hata kama ningekataa kula na kucheza 49...g5, jibu ni 50.bxa6 na kitunda chake kinafika kileleni kwenye hatua ile ile ya 52. Nikampa mkono.

Sasa naja kwenye kiini cha uzi huu. Mimi nilikulia kwenye drafti, si kwenye sataranji. Tulicheza chini ya mwembe kwa vizibo vya soda, vya upande mmoja vimefunikwa na vya upande mwingine vimefunuliwa, na kanuni ya kwanza niliyofundishwa na kaka zangu ni kwamba ukiona kete ya kula, lazima ule. Naamini kwamba mkono wangu ulicheza drafti kwenye hatua ya 44. Je, kuna mwingine hapa aliyehama kutoka drafti akakutana na tatizo hili? Na je, 44...Ne7 ingeniokoa?

Mchangiaji wa 2 (#2)

Ahsante kwa uzi mzuri, mkuu. Nimeupanga ubao na nina maswali mawili kabla ya kukubaliana na wewe kwamba ulikuwa umekwisha baada ya 45.Kxd4.

La kwanza, kwa nini hukwenda 45...Kc6 ukakimbilia vitunda vyake vya upande wa malkia? Naona mfalme wako anafika b5, anakula b4, anakula a5, na wewe unabaki na vitunda viwili huru dhidi ya kimoja. La pili, kwa nini usirudi nyuma tu kwa 45...Kd7 na kumsubiri aamue yeye anaelekea upande gani?

Mleta uzi (#3)

Maswali haya mawili ndiyo niliyojiuliza nikiwa nimekaa pale, mkuu, na nikapata majibu yasiyopendeza.

Kuhusu 45...Kc6, yeye hajali vitunda vyake hata kidogo. Anakwenda 46.Ke5 Kb5 47.Kf6 Kxb4 48.Kxg6 Kxa5 49.Kh7, akitoka mbele ya kitunda chake. Kuanzia hapo ni mbio tupu: 49...b5 50.g6 b4 51.g7 b3 52.g8=Q. Malkia mpya wa g8 anatazama moja kwa moja kwa mshazari hadi b3, na kitunda changu kikisogea b2 kinaliwa baada ya 53.Qa2+. Ukiniuliza kwa nini nisicheze 48...b5 bila kula a5 kwanza, jibu ni kwamba kitunda chake cha a5 kinakila changu kikiwa njiani, kana kwamba kimesogea mraba mmoja tu na si miwili, 49.axb6, kwa ile kanuni ambayo kila mgeni wa sataranji hudhani ametapeliwa anapoiona kwa mara ya kwanza.

Kuhusu 45...Kd7, anasimama tena mbele yangu kwa 46.Kd5. Nikijibu 46...Ke7 yeye 47.Ke5, na shida ni ile ile, ila sasa amesonga safu moja mbele. Nikimwachia njia kwa 47...Kd7 anaingia 48.Kf6 na g6 imekufa. Nikilinda kwa 47...Kf7 anazunguka 48.Kd6 na kuelekea c7, na b7 imekufa. Nikichagua 46...Kc7 badala yake, 47.Ke6 inatosha. Mfalme mmoja hawezi kulinda milango miwili ya nyumba ndefu, hasa akilazimishwa kutembea kila zamu.

Mchangiaji wa 3 (#4)

Ndugu mleta uzi, nimesoma kwa makini na ninakubaliana na hatua zako zote, lakini naomba uiombe radhi drafti.

Mimi ni mchezaji wa drafti wa miaka mingi, na sataranji ninaijua kiasi cha kufuatilia tu. Ni kweli kwamba katika drafti kula ni lazima. Hata hivyo, matokeo ya kanuni hiyo kwa mchezaji aliyeiva ni kinyume kabisa cha unachokisema. Kwa kuwa kula ni lazima, silaha kubwa ya drafti ni kumlisha mwenzako: unampa kete moja anayolazimika kuila, inamtoa mahali pake, kisha unapita na kuzoa tatu na kuingia kingi. Mtu aliyelishwa mara mia mbili pale barazani haoni kete iliyo wazi kama chakula. Anaiona kama ndoano. Kabla hajaila huwa ameshajiuliza nani ameiweka pale na kwa nini.

Kwa hiyo, mzee aliyekuwekea farasi d4 alikulisha, tena akakulisha mara ya pili kwa 49.b5. Huyo ndiye aliyecheza drafti siku ile. Wewe, kwa heshima zote, ulicheza kama mtu aliyejifunza kanuni ya kwanza akaondoka barazani kabla ya kufundishwa ya pili.

Mleta uzi (#5)

Nimecheka peke yangu ofisini, mzee wangu. Nakubali: niliondoka barazani mapema, kwa kuwa tulihama mtaa nikiwa darasa la sita na huko tulikohamia watu walikuwa wakicheza karata.

Mchangiaji wa 4 (#6)

Wakuu, mimi huwa nafanya kazi ya uamuzi katika mashindano, na ningependa kuongeza mambo ya kanuni ambayo yanahusiana moja kwa moja na hatua ya 44.

Katika kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Sataranji, FIDE, ambalo lilianzishwa Paris mwaka 1924, hakuna popote panapomlazimisha mchezaji kula kwa sababu tu anaweza kula. Ulazima huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni pale ambapo hatua pekee halali iliyobaki ni kula, kwa mfano mfalme wako akiwa amepigwa shaha na hakuna njia nyingine ila kumla anayempiga. Ya pili ni mkono: ukiwa na zamu na ukaigusa kwa makusudi kete ya mpinzani, unalazimika kuila ikiwa kuna njia halali, na ukiigusa ya kwako, unalazimika kuicheza. Nimeshuhudia michezo mingi ya ngazi ya klabu ikiamuliwa na mkono uliotangulia kichwa, na mwenye mkono huo hana pa kulalamikia. Ushauri wangu kwa wageni ni kukalia mikono, na siufanyii mzaha.

Jambo jingine ni la alama, kwa kuwa nimeona watu wakiogopa kucheza na waliowazidi. Tofauti ya alama 100 maana yake ni kwamba mwenye alama nyingi anatarajiwa kupata 0.64 ya pointi na mwenye chache 0.36. Kwa mchezaji ambaye kipimo chake cha mabadiliko, yaani namba inayozidishwa na tofauti kati ya alichopata na alichotarajiwa kupata, ni 20, kupoteza mchezo huu kunamgharimu alama 7.2 tu, na kama angetoa sare angeongeza 2.8. Mchezaji mpya ambaye hajafikisha michezo 30 hutumia kipimo cha 40, hivyo tarakimu hizo huongezeka mara mbili. Kumbukeni pia kwamba tangu Machi 2024 kiwango cha chini kabisa cha alama za FIDE ni 1,400, kwa hiyo mtu mwenye 1,540 siku hizi hayuko mbali sana na sakafu, na hilo si jambo la kumvunja moyo mtu yeyote.

Mchangiaji wa 5 (#7)

Mkuu mleta uzi, nimerudia mchezo wako mara tatu jana usiku, na naona utambuzi wako wa ugonjwa haujakamilika. Umesema kwamba tatizo lako ni kula. Basi hebu tuhesabu nani alianza kubadilishana katika hatua ulizotuandikia.

Yeye alianza hatua ya 3 alipokula d5, akaanza tena hatua ya 15 kwa askofu, hatua ya 16 kwa ngome, hatua ya 20 kwa kitunda, hatua ya 21 kwa farasi na hatua ya 25 kwa malkia. Hizo ni mara sita. Wewe ulianza hatua ya 13 kwa askofu, hatua ya 17 kwa ngome na ile ya 44 kwa farasi. Ni mara tatu. Mtu mwenye njaa ya kula siku ile alikuwa yeye, si wewe!

Tofauti iliyopo, kwa maoni yangu, ni kwamba kila alipokula yeye alikuwa anajua kitakachobaki mezani baada ya sahani kuondolewa. Tazama hatua ya 25. Baada ya malkia kuondoka, farasi wake amekaa d4 mbele ya kitunda chako pweke, mahali ambapo hakuna kitunda chako kinachoweza kumfukuza. Hiyo haikuwa ajali. Ningependa kukuuliza kwa nini ulimrudisha malkia e7 kwenye hatua ya 23, uso kwa uso na mstari ambao yeye angeutumia kukulazimisha mbadilishane. Malkia wako pale c5 alikuwa ndiye kete yako bora ubaoni. Hata 23...a6 ya kusubiri tu ingemwachia mzee maswali.

Pia naona ulifurahia kuondoka kwa kitunda cha d5. Kilikuwa dhaifu, ndiyo, lakini kilikuwa kinamnyima mfalme wake mraba wa e4 na wa c4. Kilipoondoka, mfalme wake akapata barabara.

Mchangiaji wa 2 (#8)

Naunga mkono hoja ya mchangiaji aliyetangulia, na naongeza kwamba katika mchezo wa vitunda vitupu ubao hubadilika tabia ghafla. Ukiwa na farasi unaweza kukosea kidogo ukarekebisha baada ya hatua tano. Farasi wote wakiondoka, mchezo unakuwa hesabu kamili: aidha umefika au hujafika. Kwa hiyo kubadilishana kete ya mwisho ndiko kunakostahili dakika zote zilizobaki kwenye saa, hata ukiwa umebakiwa na mbili.

Lakini bado hatujajibiwa lile swali la mwanzo. Je, 44...Ne7 inaokoa?

Mleta uzi (#9)

Naomba radhi kwa kuchelewa kurudi. Nilitaka kwanza kuonana na mwenye jibu.

Kuhusu hatua ya 23, mkuu uliyeniuliza, sina utetezi. Niliogopa kwamba mfalme wangu wa f8 ataonewa malkia wawili wakiwepo, nikaona salama iko katika ubao mtupu.

Jumanne jioni nilimkuta mzee klabuni, nikamwomba tupange ubao kuanzia hatua ya 44, ila safari hii nimrudishe farasi wangu e7 bila kumla wa kwake. Alikubali kwa furaha kubwa kuliko nilivyotarajia, na akaniambia kwamba wakati anaweka farasi d4 alikuwa na wasiwasi wa hatua hiyo hiyo, kwa kuwa farasi wangu akitoka e7 ana njia mbili nzuri, d5 na c6, na zote mbili zinakitazama kitunda chake cha b4, ambacho farasi wake alikuwa amekiacha bila mlinzi.

Mara ya kwanza alicheza 45.Kc4, nami 45...Nc6. Akala: 46.Nxc6 Kxc6. Angalieni vizuri ubao huo, wakuu. Ni vitunda vile vile, na baada ya 47.Kd4 Kd6 ni wafalme wale wale, d4 na d6, lakini safari hii zamu ni yake. Akaenda e4, nikaenda e6. Akarudi d4, nikarudi d6. Alijaribu mara nne kisha akanyoosha mkono, sare.

Mara ya pili alicheza 45.Ke4, nami nikaweka 45...Nd5 nikiilenga b4. Akalazimika kumrudisha farasi 46.Nc2 kulinda, na tukazungukana hatua ishirini hivi bila yeyote kupata mlango. Sare tena. Kwa hiyo jibu la swali letu, kwa kadiri tulivyoweza kuona sisi wawili, ni kwamba ndiyo, 44...Ne7 ilikuwa inashikilia, ingawa si kwa usingizi.

Mara ya tatu alicheza tena 45.Ke4. Sijui ni uchovu au ni kujiamini, lakini nilikumbuka kwamba c6 ilinipa sare ya kwanza, nikamweka farasi pale bila kutazama kwamba safari hii mfalme wake amesimama e4 na si c4. 46.Nxc6 Kxc6 47.Ke5. Nikamtazama. Mzee alikuwa ameshaanza kuvua miwani ili aifute.